Moto Uliochoka Njiani

Mimi ni fundi umeme, mwanamke, hapa Kasongo, na kazi ninayoipenda ni ile ambayo wenzangu wanaikwepa: kuvuta waya kwenda mbali. Taa za ndani ya nyumba, soketi, swichi, hizo hazininyimi usingizi. Lakini mtu akija kuniambia kwamba jenereta yake iko hapa na friji yake iko kule ng'ambo ya kiwanja cha mpira, na mkononi ameshika waya mwembamba kama uzi wa kuvulia samaki kwa sababu ndio alioukuta nyumbani, damu inanichemka. Namkalisha chini, namweleza. Wengine wananiona mkali. Sawa, ni mkali. Nikimaliza kumweleza huwa namkumbuka mama yangu, kwa sababu maneno yale yote nilianza kuyasema kwake, na sasa hayupo tena.

Ninayomweleza ni haya. Umeme, ambao watu wa kwetu wanauita moto, unapotembea ndani ya waya unapungukiwa nguvu. Waya ukiwa mrefu, unapungukiwa zaidi. Ukiwa mwembamba, zaidi tena. Na kile chombo cha mwisho kikitaka umeme mwingi kwa mara moja, kama mota inavyotaka pale inapoanza kuzunguka, ndiyo kabisa, unakifikia ukiwa hoi. Kisha kuna jambo ambalo watu wanalisahau siku zote: umeme unakwenda na unarudi. Nyaya ni mbili. Ukipima mita mia tano kwa hatua zako, umeme wenyewe unatembea elfu moja. Kwa hiyo anayepanga laini ndefu anaanzia mwisho. Anauliza kwanza: huko mwisho kuna nini, na kinahitaji nini? Ndipo anarudi nyuma taratibu kuchagua waya.

Huko mwisho wa laini yangu ya kwanza ndefu kulikuwa na mama.

Kijiji chetu kiko katikati ya Wamaza na Kabambare, mahali ambapo pikipiki inafika ikitaka, na mvua ikinyesha haitaki. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, juu ya mteremko, na kiwanja chake kilikuwa kigumu, kikavu, kinachopigwa na upepo. Kwa sababu hiyo wanawake wa kijiji walikuwa wakileta mpunga wao kwetu. Kila mmoja alikuwa na kinu kwake, lakini walikuja kwetu, maana kwetu pumba zinapeperuka zenyewe, na mchele ukimwagika unaokotwa safi. Walikuwa wakitwanga watatu kwenye kinu kimoja, kila mchi na zamu yake, bila kugongana, na midomo yao haikunyamaza hata kidogo. Nani ameposwa, nani amefukuzwa, mbuzi wa nani ameingia shamba la nani. Waliongea Kibangubangu, lugha ya kwetu, na Kiswahili kikiingia pale ambapo utani ulihitaji kusikika na watu wote. Mimi nilikuwa nachukia kutwanga. Mikono ilinichubuka, pumba ziliniwasha shingoni, nikawa naapa kwamba nikikua sitashika mchi. Na kweli sikuushika. Leo ningelipa chochote kusimama pale asubuhi moja tu, nipate zamu yangu kati ya mama na jirani yake, nitukanwe kwamba nachelewesha mchi.

Kisha baba akafariki. Kaka yangu akaenda Kindu, mdogo wangu akaolewa Nyangwe, mimi nikaja Kasongo kusomea umeme na sikurudi. Wanawake wa rika la mama wengine walikufa, wengine mabega yaliwashinda. Vijana wakaanza kupakia mpunga kwenye pikipiki kwenda kuukobolesha Kabambare. Kiwanja kikabaki na kinu chake na kuku. Kila nilipokwenda kumtembelea, siku ya kuondoka mama alikuwa akinisindikiza mpaka mwisho wa kijiji, kisha mpaka mtoni, kisha anasema, "Ngoja nikufikishe pale kwenye kona," na kona ikipita anataja nyingine. Hakutaka kurudi nyumbani. Siku moja nilimuuliza kwa nini asihamie kwangu. Akasema, "Kwako nitafanya nini? Hata kuku ya kwako siijue." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza, "Kwangu niko naongea na kuku tu, lakini inanijua."

Ndiyo sababu nilikubali haraka kijiji kilipoamua kuweka umeme wa maji. Chini ya kijiji kuna kijito chenye maporomoko madogo. Shemeji yangu wa Nyangwe, mume wa mdogo wangu, ni mchomeleaji vyuma, akatengeneza gurudumu la kuzungushwa na maji. Mimi nikachukua upande wa umeme. Watu wakachangishana mpunga mpaka ikapatikana mashine ya kukoboa, yenye mota ya umeme. Katika mkutano wa kuamua mashine ikae wapi, mama alisimama. Sikumbuki kumwona akisimama katika mkutano kabla ya siku ile.

"Iwekeni kwangu," alisema. "Kiwanja iko. Upepo iko. Mulikuwa munakuja zamani, mutakuja tena."

Watu wakapiga makofi, maana kweli hapakuwa na kiwanja kizuri kama kile. Mimi nilitazama chini. Nilijua hakuwa anatafuta mashine. Alikuwa anatafuta watu. Wiki hiyo alijengesha kibanda cha mashine kwa mikono ya wajukuu wa jirani, akakifagia kama chumba cha mgeni, na kila jioni alikuwa akiniuliza mashine inapiga kelele kiasi gani, itasikika mpaka wapi.

Nikaenda kupima njia. Kutoka kwenye maji, ukikata moja kwa moja kupitia mashamba ya mihogo, ni kama mita mia tano mpaka kwa mama. Waya tuliokuwa nao si mnene, lakini kwa umbali ule nilipiga hesabu nikaona mota itaamka. Kwa shida kidogo, lakini itaamka. Nikalala na furaha.

Shida ilitoka kwenye nguzo. Kapita, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa amewaomba watu kila familia itoe mti mmoja, na watu wakatoa miti mizuri, mirefu, iliyochomwa mguu ili isiliwe na mchwa. Asubuhi ya kuchimba mashimo nilipoanza kuwaonyesha vijana mstari wa kupitia mihogoni, nikaona wazee wanatazamana.

"Mama fundi," kapita akaniambia kwa upole, "mutu ametoa muti yake, unaenda kuisimamisha kwa shamba ya mwenzake? Yeye atabakia na nini?"

"Atabaki na mchele, baba kapita."

Akacheka sana. Akashika mti wake, akaupeleka kuusimamisha mbele ya mlango wake. Kwetu ni hivyo. Ukitoa kitu kwa ajili ya kijiji, kitu hicho kinasimama kwako, wapita njia wakione. Na huwezi kupita nyuma ya nyumba ya mtu kimya kimya kama mwizi wa mihogo. Unapita mbele, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani. Nikachuchumaa nikachora kwa kijiti: hapa maji, hapa mama, hapa njia yangu, na hapa njia yao. Nikaeleza kwenda na kurudi. Nikasema taa zitawaka, lakini mota haitaamka. Nilisema kwa sauti, tena kwa hasira, na shemeji alikuwa upande wangu.

Aliyenikata kauli ni mama mwenyewe. "We mutoto, moto ikipita nyuma ya nyumba za watu pasipo kuwaamukia, watasema ni mutoto wa nani amekuja kutudharau? Watasema ni wangu. Na mimi ndiye nabakia nao hapa, we unarudi Kasongo."

Nikafuata njia yao. Nikaongeza waya, uleule mwembamba, ukaja kutoka Kasongo kwa pikipiki. Na laini ikaanza safari yake. Ilitoka kwenye maji ikaenda kumwamkia kapita. Kutoka hapo ikageuka kwenda msikitini, na kwa kuwa imepita msikitini haikuweza kuacha kupita kanisani, ambako ni upande mwingine kabisa. Ikazunguka makaburi kwa heshima. Ikaingia uani kwa mjane mmoja aliyetoa mti uliopinda, ambao hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba umepinda. Ilipofika kwa mama ilikuwa imetembea zaidi ya mara mbili ya njia yangu. Shemeji akaitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Shemeji, moto yako iko na adabu kupita mimi."

Siku ya ufunguzi, watu walijaa kiwanjani kwetu kama zamani. Wanawake walikuja na vikapu vya mpunga kichwani, wengine sikuwa nimewaona tangu mazishi ya baba. Mama alivaa kitenge kipya. Alikuwa akienda huku na huku, akitoa viti, akimshika huyu mkono, akimwita yule, na uso wake uling'aa mpaka nikaogopa. Nilimwomba Mungu hesabu zangu ziwe na makosa.

Shemeji akafungua maji kule chini. Ampuli, yaani balbu, niliyoifunga mlangoni kwa mama, ampuli ya zamani yenye uzi ndani, ikawaka. Watu wakapiga vigelegele. Nikabonyeza mashine.

Ilinguruma. Ilitetemeka pale ilipo, haikuzunguka. Ampuli ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa la moto linalokaribia kuzimika, na kutoka nyumba za chini tukasikia watu wakipiga kelele kwamba taa zao nazo zinakufa. Nikasikia harufu ya mota inayotaka kuungua, nikazima. Nikachukua kipimo. Mota ikiwa imelala, umeme ulikuwa wa kuridhisha. Nilipojaribu tena kuiamsha, mshale ukaanguka kama mtu aliyekosa kiti. Nikautoa mkanda, nikaacha mota izunguke peke yake; ikajikokota, ikazunguka. Nikarudisha mkanda, nikatia mpunga kidogo, ikafa.

"Iko na nini?" mama akauliza nyuma yangu.

"Umeme umechoka njiani, mama. Umefika hapa hauna nguvu."

Akaangalia ile ampuli. Kisha akawageukia watu, akawaambia wakae, chai inakuja. Walikaa, kwa heshima. Walikunywa chai. Wakasema mashine ni mashine, itapona tu. Kisha mmoja mmoja wakainua vikapu vyao, wakaaga, wakaondoka, na mama akamsindikiza kila mmoja mpaka ukingo wa kiwanja. Niliinama nikajifanya nakaza skrubu ambazo zilikuwa zimekaza tayari. Nilikuwa nalia. Sioni haya kusema.

Kesho yake asubuhi kapita alikuja mwenyewe, na shemeji akapanda kutoka majini. Nikawaambia kuna njia tatu. Ya kwanza, waya mnene, na waya mnene wa urefu ule hata Kasongo siku zile haukuwepo. Ya pili, tuing'oe laini, tuipitishe mihogoni, na nyumba nyingi zikose umeme. Ya tatu, mashine ishuke iende ikae kando ya maji, jirani na gurudumu, ambako umeme bado ni mbichi. Taa zinaweza kubaki mbali, maana taa hazidai mengi. Mota ndiyo mlafi, na mlafi anakaa karibu na chungu.

Kapita akasema jambo ambalo sitalisahau. "Tutaing'oa. Nitaanza na kwangu. Huyu mama ametungoja sana."

Kumbe naye alikuwa anajua. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinajua.

"Hapana," mama akasema. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa. "Mutu umeisha kumupatia moto, unarudi kumunyanganya? Watoto wao wamelala na taa jana. Hapana. Mupeleke mashini kwa maji."

"Mama, unajua unachokisema?" Nilimpandishia sauti, mbele ya kapita.

"Najua."

"Hawatakuja hapa tena."

"Nimesema najua, mama." Hivyo ndivyo alivyozoea kuniita, mama, akiwa amekasirika na akiwa amefurahi. Akainuka na ungo wake, akaingia ndani.

Vijana wakaibeba mashine kwa miti begani, wakaishusha. Kando ya maji iliamka mara moja, ikapiga kelele mpaka ndege wakaruka, na mchele ukatoka mweupe. Watu walishangilia. Nilipanda kurudi kwa mama, na mlangoni nikakuta ile ampuli inawaka safi kabisa, nyeupe, haijawahi kuwaka vile. Nilijua sababu: waya ulikuwa umetuliwa mzigo, haukubeba tena mota, sasa ulikuwa na nguvu za kutosha kumwangazia mama kiwanja chake chote, na kibanda cha mashine kisicho na mashine, na viti vya watu wa jana ambavyo hakuwa bado amevirudisha ndani. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Nikaichukia.

Nikarudi Kasongo. Miezi ile sikumwacha mfanyabiashara yeyote apumue. Kila aliyekwenda Bukavu au Kindu nilimwagiza aniulizie waya mnene. Usiku nilikuwa nikichora. Nilikuwa nimepata wazo: laini ya pili, ya mashine peke yake, iliyonyooka, ipite mihogoni moja kwa moja. Laini isiyobeba taa ya mtu yeyote haina wa kumwamkia, na nguzo zake nitakata mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kununa. Mashine itarudi kwa mama. Ile ya kwanza itaendelea na adabu zake.

Waya ukapatikana. Mvua zilipopungua nikakodi pikipiki mbili, waya ukiwa umeviringishwa maroli mawili, moja nyuma yangu, lingine kwenye pikipiki ya pili, na tukafunga safari. Kwenye madaraja ya magogo tulishuka tukasukuma. Kwenye tope tuliyabeba maroli mabegani, mimi nikiwa mbele, sijisikii uzito. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya jinsi nitakavyomwambia.

Tulifika alasiri. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa kwa kamba. Kwetu mlango haufungwi mchana ila kwa msiba. Nikaita. Jirani akatokea, akaniona nilivyo, akacheka.

"Usiogope. Mama yako iko kwa mashini. Hajue kukaa hapa sasa. Anaenda asubuhi na kiti yake, anarudi magaribi."

Nikashuka, lakini sikufika. Pale njia inapopinda juu ya kijito, unaona chini yote. Mashine ilikuwa inanguruma. Wanawake walikuwa wamekaa na vikapu vyao wakingoja zamu, si wa kijiji chetu tu, wengine walitoka mbali, maana kelele ile ilisikika mbali. Katikati yao alikuwa mama kwenye kiti chake, anaelekeza nani afuate, anabishana na mmoja, anamfinya mwingine shavu. Mtu akasema kitu. Mama akatupa kichwa nyuma akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba alipofariki. Hata pale juu, kwa kelele za mashine, sikukisikia, nilikiona tu.

Ningeweza kushuka. Sikushuka. Kwa kweli niliona wivu kidogo, kwamba alikuwa amepona bila mimi na bila waya wangu. Nikarudi juu, nikawaambia wenye pikipiki waende kwa jirani wakapumzike. Nikakaa kizingitini kwa mama, maroli mawili mbele yangu. Jua likaanza kushuka. Njaa ikaniuma, na ndani ya nyumba hapakuwa na chakula kilichopikwa. Maisha yangu yote mama ndiye aliyekuwa akiningoja: nikitoka shule, nikitoka mtoni, nikitoka Kasongo. Jioni ile nilijua kungoja kukoje, jinsi sikio linavyokwenda mbele ya macho, jinsi kila mtu anayepita njiani anavyokuwa ndiye, kisha siye.

Alikuja na kiti chake kichwani, nguo nyeupe kwa vumbi la mchele. Aliniona, akasimama, akapiga kelele ya furaha, akaja akanikumbatia na kunijaza vumbi lote. Kisha akayaona yale maroli.

"Ile nayo ni nini?"

"Ni waya tu, mama. Kuna watu wa Kabambare wameagiza. Nimepitia kukusalimu."

Akaniangalia kidogo. Sijui kama aliamini. Akafungua kamba ya mlango, akaweka kiti ndani, akaanza kutafuta kuni huku anajinyoosha mgongo.

"Umekaa na njaa," akasema. "Unisamehe, mama. Leo watu walikuwa wengi."